Siku moja maishani mwangu: sare za shule, mashine ya kusafisha damu na figo ya mdogo wangu

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla sijawasha taa, mkono wa kulia unaenda kwenye wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Napapasa. Upo. Chini ya ngozi unatetemeka kama cherehani inayoshona kwenye chumba cha pili. Hiyo ndiyo fistula yangu: mshipa wa vena uliounganishwa na ateri ili utanuke, uweze kuhimili sindano za mashine. Manesi walinionya kwamba siku mtetemo ukikatika nisingoje kupambazuke, niende hospitali hapohapo. Kwa hiyo kila alfajiri nausalimia mkono kwanza, ndipo nasali. Haupimwi presha mkono huu, hautolewi damu ya vipimo, haubebi ndoo, na mimi siulalii.

Kisha napanda mizani. Kilo 55.9. Uzito wangu mkavu, yaani ule ninaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa, ni kilo 54. Leo Jumatatu. Tangu Ijumaa sijaunganishwa na mashine, na katika wiki nzima hakuna siku ninazoziogopa kama hizi mbili za katikati, maana maji na potasiamu vinajikusanya tu mwilini. Kilo moja na pointi tisa si vibaya. Niliwahi kufika na kilo tatu na nusu, kifua kikibana, na sitaki kurudi huko.

Saa kumi na mbili

Muuza maji amepita na mkokoteni, nimenunua madumu manne. Novemba Dodoma unaijua: vumbi, upepo, jua linalochoma kabla ya saa tatu, mvua bado. Nyumba nzima inahesabu maji kwa madumu, mimi nayahesabu kwa vikombe. Naruhusiwa nusu lita kwa siku, na juu yake kiasi kile tu nilichokojoa jana, ambacho kwangu ni karibu na hakuna. Na hesabu inaingiza chai, uji, mchuzi, hata kidonge unachomezea maji.

Mwanangu wa darasa la nne ndiye anayeshika chupa. Kaichora mistari mitano kwa kalamu ya wino, na kila nikinywa ananiuliza tumefika mstari wa ngapi. Sikumwagiza. Aliona mwenyewe nilivyovimba miguu mwaka jana, akaanza.

Chakula cha leo nakibeba: ugali wa sembe, kabichi, kipande cha kuku kisicho na chumvi ya kuzidi. Mchicha naupika kwa kuukatakata, kuuchemsha kwa maji mengi na kumwaga yale maji, kwa sababu potasiamu inatoka nayo. Viazi hivyohivyo. Zabibu mbichi mtaalamu wa lishe kaniruhusu punje chache, zabibu kavu hapana. Lakini ubuyu! Mtu aliyekulia vijijini Dodoma akilamba unga wa ubuyu tangu utotoni, ukamwambie asiuguse tena. Umejaa potasiamu, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama ghafla. Nauona sokoni kila siku, napita.

Saa mbili asubuhi

Nipo kibandani, Majengo. Dawa ya presha namezea hapa, saa mbili kamili asubuhi, na nyingine saa mbili usiku. Najizoesha saa hizo kwa makusudi. Nikishapandikizwa nitakuwa na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo ngeni, kwa ratiba hiyohiyo, maisha yangu yote.

Kazi imefurika. Januari shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sketi ya bluu yenye marinda na shati jeupe. Leo nimekata sketi sita na kumaliza tatu. Miguu inakanyaga cherehani vizuri asubuhi, ikifika saa nne inakuwa mizito, nakaa kidogo, naendelea. Damu yangu ni pungufu. Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamsha uboho utengeneze damu, na zangu haziitoi tena, kwa hiyo nachomwa sindano ya homoni hiyo. Kuongezewa damu madaktari wanakwepa kadiri wanavyoweza. Kila damu ya mtu mwingine inayoingia inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya tishu za watu, na kinga hizo ndizo zinazoweza kuiharibu figo utakayopewa. Ujauzito nao unaweza kufanya hivyo. Mimi nina watoto wawili na niliwahi kuongezewa chupa mbili, ndiyo maana kipimo cha kuchanganya damu yangu na seli za mdogo wangu kilinikosesha usingizi wiki nzima.

Mteja mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, si unangoja tu tarehe ya upasuaji?" Nikamjibu kwa heshima, lakini neno lile "tu" limenikaa rohoni mchana kutwa. Mama, hakuna kungoja hapa. Nimeng'olewa jino bovu, kwa sababu dawa zile zinashusha kinga na usaha mdogo wa jino unaweza kugeuka janga. Nimechanjwa homa ya ini B, nimepimwa kifua kikuu, moyo, na mishipa ya nyonga ambako figo itaungwa. Maabara moja ilichanganya lebo za sampuli zetu, tukatolewa damu upya, wiki mbili zikaenda. Kuna vyeti vya kuzaliwa na barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba mimi na mdogo wangu ni damu moja. Mama alijitolea wa kwanza, presha ikamkatalia. Dada yetu mkubwa kundi la damu halikuoana na langu. Akabaki kitinda mimba.

Saa saba mchana

Daladala ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa. Nilipoambiwa figo zimekufa nilidhani kupandikizwa ni safari ya India. Kumbe Muhimbili walianza mwaka 2017, na hapa Dodoma mwaka 2018, wakishirikiana na madaktari kutoka Japani. Kutoka kibandani kwangu ni nauli ya daladala tu.

Mizani, joto, presha, sindano mbili. Moja inavuta damu kuipeleka kwenye chujio, nyingine inairudisha. Inachukua muda wa saa nne. Saa ya kwanza nasinzia, ya tatu baridi inanipanda hata kukiwa na jua kali nje, na mguu wa kulia unakaza. Nesi akapunguza kasi ya kuvuta maji, akaniinua miguu, ukaachia.

Kitanda cha dirishani yupo mzee mkulima wa alizeti kutoka Kongwa. Wanawe wawili walipima, hakuna aliyefaa. Leo daktari alikuja kwangu na majibu ya mwisho ya picha za mdogo wangu: figo zote mbili nzima, itatolewa ya kushoto, kwa sababu vena yake ni ndefu, inarahisisha kuunga. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Nikamtazama mzee, nikashusha sauti. Yeye ndiye aliyeniita: "Nimesikia, binti yangu. Mungu ni mwema." Kisha akageukia dirishani. Sijui nitamfanyia nini mzee huyu. Nampelekea chakula cha kwangu, tunakula pamoja, basi.

Saa kumi na mbili jioni

Kilo 54.1. Nimerudi nyumbani nimeishiwa nguvu, namkuta mdogo wangu amekuja kutoka kijijini kwa pikipiki.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, baba. Wamesema ya kushoto."

Akaweka kiganja ubavuni, upande wa kushoto, akakiacha pale kitambo. Mkono wa mtu wa jembe, kucha zina udongo. Hapo ndipo lilipo jambo langu zito, na nalisema wazi: kulala kwenye meza ya upasuaji siogopi kama ninavyoogopa kupokea. Mwili wake ndiyo mali yake yote. Ana mke na watoto watatu, na upasuaji tumekadiriwa Januari, msimu wenyewe wa palizi, wakati ataambiwa asiinue kitu kizito kwa wiki kama sita. Daktari alimweleza kwamba figo inayobaki hutanuka ikafanya kazi zaidi, na kwamba atapimwa kila mwaka. Afisa ustawi wa jamii alimhoji peke yake, mimi nikiwa nje: kuna aliyekulazimisha? Umeahidiwa chochote? Akaambiwa anaweza kubadili mawazo hata asubuhi ya upasuaji. Namrudishia maneno hayo kila akija. Leo nimerudia.

"Dada, hilo liache," akasema. "Wajomba wamekubaliana, watapalilia mtama wangu kwa zamu. Wifi yako ameshawagawia siku."

Tukampigia mama simu. "Mbukwa mama," nikamsalimia kwa Kigogo, na kabla sijafika kwenye habari akawa ameshaanza kulia, kwa sababu alisikia sauti yangu.

Saa tatu usiku

Watoto wamelala. Nimebakiwa na mstari mmoja wa chupa, naunywa kwa kijiko cha chai ili ufike mbali.

Nilikuwa nimenunua kitambaa cha pamba, laini, rangi ya kijani. Nashona suruali mbili za kamba, za kuvaa baada ya upasuaji, kwa sababu mkanda utachubua mshono. Kwake mshono utakuwa ubavuni, kwangu chini ya tumbo upande wa kulia, ambapo figo yake itakaa. Zangu za zamani hazitolewi, zitabaki mahali pake.

Nikamsimamisha karibu na taa, nikazungusha tepu. Kiuno inchi 32. Urefu 40. Akawa ameinua mikono kama alivyokuwa akisimama mdogo nikimpima kaptula ya shule, na mimi nikaandika kwenye daftari la wateja, chini ya sketi za leo.

"Weka mifuko," akasema.

"Mingapi?"

"Miwili. Na wa kushoto uwe na kifungo."