Kitambi kimepungua, maswali yameongezeka

Tangu suruali zianze kunipwaya, swali ninaloulizwa zaidi hapa dukani Kariakoo ni moja: "Kaka, umekunywa nini?" Nikijibu kwamba sijakunywa kitu, nimeacha kunywa, wanadhani nawaficha dawa.

Ukweli ndio huo. Soda ya mililita 350 inaweza kuwa na gramu 37 hivi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, nami nilikuwa nikishushia chakula kila mchana. Sasa nashushia maji. Kuna wanaoapa kwa maji ya moto na ndimu. Kama unayapenda, kunywa tu, ila hayayeyushi mafuta.

Ugali sijaacha, na sioni kwa nini mtu auache. Nilimwambia tu mama ntilie wetu: "Mama, nipunguzie ugali, niongezee mchicha na maharage." Akasimama na mwiko mkononi. "Unaumwa, baba?" Siku za mwanzo alikuwa akinikatia kipande kidogo kama nilivyoomba, halafu huruma inamshika, ananibandikia kingine juu. Tumeelewana sasa, ingawa bei haijapungua hata shilingi, na hilo bado namdai. Chipsi mayai za usiku nimezihamishia Jumamosi.

Gym sijajiunga. Asubuhi nashuka Magomeni Mapipa, namalizia kwa miguu kupitia Jangwani, mwendo wa kukaza: jasho linatoka lakini naweza kuongea na mtu. Mvua zikikolea Jangwani hujaa maji, siku hizo napanda gari mpaka mwisho kama wenzangu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Ya nguvu nafanyia nyumbani, pushapu na skwati, watoto wakinihesabia kwa kuniibia.

Wanaotaka zoezi la kutoa tumbo peke yake, halipo. Ukijikunja kila siku misuli ya tumbo itakomaa, lakini mafuta hayachaguliwi pa kutokea. Yangu yalianza kutoka usoni. Shemeji akamwuliza mke wangu nina mawazo gani.

Na mizani isikutishe. Wiki za mwanzo yangu iligoma kabisa huku mkanda ukihama tundu. Siku hizi napima kiuno kwa futi ya fundi cherehani jirani, mizani napanda mara mojamoja.