Kifungo cha miezi sita kinamsaidia nani?

Mwizi mdogo anapofikishwa mahakamani, wengi mtaani kwetu husema akafungwe ili atie akili. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba kwa makosa madogo kifungo kifupi humvunjia mtu riziki yake, kisha humrudisha kwetu akiwa hana pa kuanzia.

Sizungumzii wabakaji wala majambazi wenye silaha, ambao sheria ya Tanzania imewawekea kifungo kisichopungua miaka 30. Ninamzungumzia aliyeiba kuku au simu, akapewa nafasi ya kulipa faini au kwenda jela, akaenda jela kwa kuwa ndugu zake walichanga na fedha hazikutosha, ilhali mwenye nazo, kwa kosa lilelile, hurudi kulala nyumbani kwake. Hilo linaniuma sana.

Jirani yetu mmoja, fundi seremala, alifungwa miezi sita kwa wizi wa simu. Alipotoka alikuta mkewe ameuza randa, msumeno na patasi ili watoto wapate kula, kitanda alichokiacha nusu kimemaliziwa na fundi mwingine, na wateja wa zamani hawataki hata aingie ndani kupima fremu ya mlango. Mwenye simu, ambaye ndiye aliyekosewa, hakulipwa chochote.

Huyu si wa peke yake. Julai 2019 Rais Magufuli alitembelea Gereza la Butimba, Mwanza, akawasikiliza wafungwa na mahabusu, na tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika jijini humo, alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Niliufurahia msamaha ule, lakini ulinifanya nijiulize ni wangapi kati yao ambao hawakupaswa kabisa kuingia gerezani, kwa sababu msamaha hutolewa baada ya kazi kupotea na familia kutawanyika.

Wapo wanaohofu kwamba tukilegeza vifungo wezi wataongezeka. Hofu hiyo ina msingi kwa mtu aliyewahi kuvunjiwa mlango usiku, ila wataalamu wa makosa ya jinai wameonyesha mara nyingi kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kukamatwa kuliko urefu wa kifungo.

Njia nyingine ipo kisheria. Tangu 2002 tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayoiruhusu mahakama kumpa mkosaji wa kosa dogo kazi za umma bila malipo, kama vile kufanya usafi hospitalini au kukarabati shule, huku akirudi kwake jioni na kuendelea kulisha familia. Mahakama inaweza pia kuamuru aliyeibiwa alipwe fidia, na fundi aliyebaki na randa yake anaweza kuilipa kidogokidogo. Ningependa kila hakimu, kabla ya kutamka miezi sita, aombe taarifa ya afisa probesheni, yaani anayesimamia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya gereza, inayoeleza mkosaji anaishi na nani, anafanya kazi gani, na kama majirani wako tayari kukaa naye.