Mwanga unaokatwakatwa

Chumbani kwetu taa iko juu darini, na pangaboi linaning'inia chini yake kidogo. Usiku likizunguka na taa imewaka, mapanga yake matatu yanapita chini ya balbu na kila moja linaukata mwanga. Kivuli kinakimbia ukutani, kinakimbia kwenye shuka, kinakimbia hata kwenye ukurasa ninaosoma. Nimelala chumba hiki miaka sita bila kukitilia maanani kivuli hicho. Siku hizi dakika mbili zinatosha: kitanda kinaanza kuelea kama pantoni iliyofungwa gatini, mate yanajaa mdomoni, nashika godoro kwa mikono miwili.

Nina kipandauso. Wengi wakilisikia neno hilo wanafikiria kichwa kinachogonga upande mmoja. Changu kimeshika mizani ya mwili. Kuna siku kichwa hakiumi hata kidogo, lakini sakafu inateleza, nikigeuza shingo vitu vinachelewa kutulia, na mwanga unanichoma. Ndiyo maana kilichelewa kujulikana. Nilitibiwa malaria mara mbili, nikapimwa presha, nikapimwa sukari, nikabadilishiwa miwani. Shangazi yangu alisema ni upungufu wa damu, akaniletea rozela na matembele kila Jumapili, Mungu ambariki.

Aliyekigundua ni daktari wa masikio, pua na koo. Aliniuliza kizunguzungu hudumu muda gani, kimeshanipata mara ngapi, na kikija, je, mwanga na kelele vinanikera? Akanieleza kwamba ugonjwa huu hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya kichwa. Madaktari wanafuata vigezo vilivyochapishwa mwaka 2012: uwe umekupata angalau mara 5, kila mara kwa muda wa kati ya dakika 5 na saa 72, na nusu ya mara hizo au zaidi uje na dalili za kipandauso. Nililia pale pale kwenye kiti. Nilikuwa nimeshaanza kuwaamini waliosema najidekeza.

Dawa ninazotumia sitaziandika hapa, maana kila mtu na mwili wake na daktari wake. Nataka kusema habari ya mwanga, kwa sababu hapo nilikosea vibaya na nisingependa mwenzangu apite njia hiyo.

Nilikimbilia giza. Nilivaa miwani ya jua ndani ya ofisi, nyumbani nikashusha mapazia mchana, mwanga wa simu nikaupunguza mpaka mwisho. Baada ya wiki tatu nilikuwa nashindwa kufungua friji, ile taa ndogo ya ndani iliingia machoni kama sindano. Daktari aliniambia jicho likikaa gizani linalizoea giza, halafu mwanga wa kawaida unageuka adui. Miwani ya jua ibaki ya juani. Na simu nyingi za kioo cha OLED, yaani kioo ambacho kila nukta yake hujiwakia yenyewe, hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika harakaharaka, kwa hiyo ukiushusha mpaka chini unaweza kuongeza kupepesa kulekule unakokukimbia. Sasa simu yangu inakaa katikati, na chumba kina mwanga unaolingana nayo.

Kazini mimi ni mhasibu wa duka la jumla Kariakoo. Juu ya meza yangu zilikuwepo taa tatu ndefu za mrija zenye choki (vifaa vya kudhibiti umeme wa taa) za zamani. Umeme wetu ni wa Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa ya namna hiyo hupepesa mara mbili kwa kila wimbi, mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni kitu, ila wapo watu ambao ubongo wao unapokea. Niliielekeza kamera ya simu kwenye taa, mistari myeusi ikaanza kupanda kwenye kioo. Nikamfuata bosi wetu.

"Shikamoo mzee. Naomba uone kitu kimoja tu."

"Marahaba, mwanangu."

Aliitazama ile mistari, akaichukua simu, akaielekeza kwenye taa ya stoo, kisha ya kaunta. Hakuniuliza kama naumwa kweli. Kesho yake fundi alikuja na taa za LED, tukazijaribu kwa kamera ileile kabla hazijafungwa, tukaikataa moja iliyokuwa na mistari.

Kompyuta ilinichukua muda mrefu zaidi. Mwanga wake naweza kuuvumilia, kinachoniangusha ni kuskroli. Jedwali la bidhaa elfu tatu likiteremka mbele ya macho, mwili unaamini kwamba mimi ndiye ninayepanda. Nimeacha gurudumu la mausi. Natumia kitufe cha kurukia ukurasa mzima, nafumba macho kabla ya kubonyeza, nafumbua ukurasa ukiwa umetulia. Kwenye mipangilio ya simu na kompyuta nimezima madoido yote ya mwendo, na video zisijichezeshe zenyewe. Hesabu za mwisho wa mwezi nazichapa karatasini. Kila dakika ishirini naangalia nje, kwenye bango lililo ng'ambo ya barabara, mpaka herufi zake zitulie.

Asubuhi kwenye pantoni ya Kigamboni nilikuwa nakaa nikiyatazama maji, jua linavunjikavunjika juu yake, nashuka Magogoni nikiyumba. Sasa nasimama nimeyapa maji mgongo, macho kwenye maghorofa ya mjini ambayo hayachezi. Siku nyingine haisaidii. Siku hizo natuma ujumbe ofisini mapema, naketi kivulini karibu na gati mpaka niweze kutembea.

Nyumbani tulinunua feni ya kusimama, ila joto la Dar la mwezi wa pili halishindwi na feni hiyo peke yake. Tukaiweka taa ndogo ya mwanga wa njano sakafuni, nyuma ya kabati, isipate kukatwa na chochote. Mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja ameshazoea. Kabla mkono wake haujafika kwenye swichi ya pangaboi, nasikia:

"Dada, nazima taa ya juu."

Nasubiri mlio wa swichi ya kwanza, kisha wa pili, ndipo nafungua kitabu.