Nondo wa mndimu

Jamani, nimemuona! Ile mistari inayojipindapinda na kung'aa kama fedha kwenye majani machanga ya mndimu wetu hapa Wete ni njia za kiwavi. Anaishi ndani ya jani, chini kidogo tu ya ngozi yake, anakula huku akiacha uzi mweusi wa kinyesi nyuma. Akikomaa hukunja ukingo wa jani akageuka pupa humo, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Jani moja lililokunjwa nililitia kwenye gilasi, na asubuhi nondo katoka: mweupe wa kumetameta, mabawa yakitandazwa hayazidi milimita 5!

Mama akataka kupiga dawa. "Mama, tafadhali usipige. Mti mkubwa unastahimili, na dawa itawaua nyigu wadogo wanaoangamiza viwavi hawa." Kakubali, ila miche yake ataikagua.