Jumatano tu

Naanza kwa kumtetea mama, maana nawajua nyie: hakusema neno baya. Hakununa, hakulalamika, hakuniuliza mbona sijaonekana Pangani. Alisema maneno mawili, na la pili lenyewe lilikuwa "tu". Leo Jumapili, siku ya tatu, bado yamenikaa kooni kama mwiba wa changu uliogoma kushuka.

Mnakumbuka aibu ya Desemba, nilivyofika stendi ya Mbezi na mabegi matatu na watoto wawili nikakuta hata siti ya kigoda hakuna. Nikaapa sitarudia. Januari yote nimekaa na kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu kama mtu anayepanga mapinduzi.

Na mwaka huu wa 2026 una uchoyo wake, tusidanganyane. Muungano, tarehe 26 Aprili, imeangukia Jumapili, na kwetu ikiangukia Jumapili ndiyo imekwenda hivyo. (Shemeji wa Mombasa kanitumia kicheko. Kenya sheria yao inaisogeza hadi Jumatatu.) Nanenane ni Jumamosi. Idd ndiyo usiseme kabisa: ni Ijumaa tarehe 20 Machi au Jumamosi tarehe 21, mwezi ndio wenye neno la mwisho, na tiketi ya basi haikatwi kwa kutazama mbingu. Lakini Aprili, jamani! Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na kesho yake, Jumanne tarehe 7, Karume. Siku tano zimeshikana mikono. Ukiomba Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zinazofuata, unakaa kwenu mpaka Jumapili tarehe 12. Unatoa siku tatu, unapata kumi.

Hapo ndipo wengi wananaswa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatupa siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini ni siku 28 mfululizo, na sikukuu ikiangukia ndani ya likizo inahesabiwa humohumo. Jamaa yetu wa mauzo, yule wa tai, alijaza fomu kuanzia tarehe 3 hadi 12. Akakatwa siku kumi! Ijumaa Kuu imo, Karume imo, Jumapili zote mbili zimo. Mimi nilijaza tarehe 8 hadi 10. Dada wa utumishi akaitazama fomu, akanitazama mimi kwa juu ya miwani, akasema, "Baba Shani, wewe ni mtu hatari," akagonga muhuri. Nilirudi stoo natembea kama bwana harusi. Wiki hiyohiyo wakaguzi walimaliza na hapakupungua hata msumari, na mdogo wangu wa Korogwe kajifungua pacha, wote wazima, tunashukuru.

Sasa Ijumaa jioni. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu. Najua huo si wakati wa kumpigia mtu anayepika futari, lakini mtu mwenye habari njema huwa hana adabu. Nyuma ya sauti yake nasikia mbuzi, anakuna nazi: kwaru, kwaru, kwaru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko? Saumu inakwendaje?"

"Inakwenda. Mama, Pasaka nakuja. Na watoto. Siku kumi nzima."

Kwaru, kwaru. "Pasaka?"

"Eeh. Ijumaa Kuu tarehe 3, halafu Jumatatu, halafu Karume..." Nikamsomea kalenda yote, mpaka ujanja wa fomu na yule wa tai alivyokatwa kumi. Nilidhani atacheka. Mbuzi ikanyamaza.

"Baba'ako mdogo kaja juzi," akasema.

"Kuna nini?"

"Kuna nini wapi?"

"Si unasema kaja? Kaja kufanya nini?"

"Kaja. Jumatano tu."

Kisha kwaru, kwaru, akasema niwasalimie watoto, nazi imebaki nusu na jua linamkimbia. Kwisha.

Nikaweka simu mfukoni nikiwa na furaha ileile. Haukupita muda, kwenye daladala, tumesimama pale Mtoni Mtongani kwenye foleni isiyokwenda mbele wala nyuma, ndipo ule "tu" uliponigeukia. Jumatano tu. Siyo Idd, siyo Pasaka, siyo msiba, siyo harusi. Mtu kaamka Muheza, kavaa kofia, kapanda gari, kaenda kumwona mjane wa kaka yake siku ya Jumatano. Na mimi, mwana wa kuzaa, nimeambiwa mtu kamtembelea mama yangu, swali langu la kwanza: kuna nini?

Hilo ndilo linalouma zaidi ya "tu" yenyewe, nikisema kweli. Ningeweza kuuliza hajambo. Ningeweza kuuliza kala nini. Tangu Ijumaa nimeyatunga majibu kama kumi na mawili, mengine mazuri mno, moja lina mzaha ambao mama angeucheka hadi amwage tui. Nayarudia nikikoga, nayarudia nikihesabu mabati. Na kila nikimaliza, sauti yangu inarudi kuuliza kuna nini, kama afisa wa uhamiaji.

Tena nikaanza kujihesabia. Mara ya mwisho kumwona mama ilikuwa Nanenane, kwa sababu mwaka jana iliangukia Ijumaa. Kabla ya hapo Pasaka. Mnaona? Hata kumbukumbu zangu za mama zina muhuri wa serikali. Mwislamu mzima, mwana wa mwalimu wa madrasa, kwenda kwetu nasubiri Yesu afufuke. Na mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja, kwa hiyo ofisini tumefunga wote, mama lishe wa getini anakaa na ndoo zake za wali anatutazama kama tumemkosea. Sikukuu zenyewe hazina ubaguzi. Ubaguzi ninao mimi, nachagua iliyoungana na wikiendi.

Na ile Karume. Marehemu baba alikuwa akihadithia jinsi habari ya kuuawa kwa Mzee Karume, 7 Aprili 1972, ilivyoingia Pangani kwa redio, watu wakatoka wakasimama ufukweni wakitazama upande wa Unguja, kana kwamba kutoka pale kuna kitu kingeonekana. Baba akifika hapo hunyamaza kidogo. Mwanawe mimi siku hiyo nimeiita daraja. Nimeichorea na mshale.

Jana asubuhi nikamweleza Mama Shani. Alikuwa anachambua choroko, hakuinua kichwa.

"Mama kasema shemeji yake kaja Jumatano?"

"Jumatano tu."

"Basi kaja Jumatano."

"Hukuisikia alivyoisema."

"Mama hana neno, Baba Shani. Hayo mengine umeyatia wewe." Akatupa kijiwe kidogo kwenye sinia, ting'. "Na hiyo Pasaka tunakwenda au hatuendi? Maana kiroba cha unga nimeshaahidi."

Tunakwenda. Tiketi nne za Alhamisi tarehe 2 zimo kwenye simu tangu Jumatatu, siti za nyuma ya dereva, Shani hatapiki akiona barabara. Lakini usiku, wenzangu wamelala, nikawasha taa ya sebuleni nikaiendea kalenda. Nikasema nitatafuta Jumatano moja. Nitamtokea mama bila taarifa, bila sababu, nikae nile mchana, nirudi. Nikapitisha kidole mwezi hadi mwezi na nikapata mbili nzuri kabisa: tarehe 14 Oktoba na tarehe 9 Desemba, zote Jumatano. Nikazizungushia wekundu. Nikarudi nyuma hatua mbili nizitazame.

Siku ya Nyerere na Uhuru.

Nilicheka peke yangu mpaka Mama Shani akauliza chumbani kama kuna mwizi. Jumatano zipo hamsini na ushee kwa mwaka, mimi katika Jumatano tu nimechagua mbili zilizo sikukuu. Mkono umekwenda wenyewe, kama mbuzi anavyojua njia ya zizini.

Leo mchana nikaona huu ni wazimu, nikampigia baba mdogo mwenyewe. Nikamsalimia, nikamuuliza habari ya saumu, nikazunguka mbuyu weee, mwisho nikasema nimesikia alikwenda kumwona mama Jumatano, nashukuru sana.

"Jumatano?" akasema. "Haikuwa Jumanne?"

"Mama kasema Jumatano."

"Basi Jumatano. Mimi mwanangu tangu nistaafu nazijua siku mbili: Ijumaa, na siku inayoingia pensheni. Hizo nyingine zinapita tu barabarani."

Nikamuuliza alikwenda kufanya nini. (Ndiyo, nimeuliza tena. Sifundishiki.) Kumbe alikwenda kudai ngazi yake. Ile ngazi ya mti mama aliiazima tangu mwaka juzi kuangulia nazi, na sasa machungwa ya Muheza yanamwita. Alipofika akakuta ngazi imekatwa vipande viwili, kimoja kimefanywa chanja cha vyombo. Wakagombana, yeye akatishia kuondoka, mama akamwambia aondoke na nani anamzuia, wakafuturu pamoja, akalala, asubuhi akarudi Muheza bila ngazi.

"Na bado ananidai," alisema baba mdogo. "Ati nilivunja kiti cha marehemu. Mwambie ukienda. Lini unakwenda?"

"Pasaka."

"Mbali huko. Basi nitakuwa nimeshakwenda tena. Ile ngazi siiachi."

Kwa hiyo "Jumatano tu" yenyewe, nyie, ilikuwa kesi ya ngazi! Mama kaifunika tu kama anavyofunika mabaki ya futari, na mimi nimekaa siku tatu nailia. Nilipokata simu nilikuwa mwepesi, nikaenda nikamsaidia Mama Shani kukaanga bajia bila kuambiwa, akanitazama kwa mashaka. Nilitaka nimpigie mama nimcheke. Nikatazama saa, saa kumi na moja na nusu tena, nikaiacha simu mezani. Nitampigia kesho, Jumatatu, asubuhi, hana nazi mkononi. Sina habari yoyote ya kumpa, kwa hiyo sijui nitaanzia wapi. Labda nitamuuliza juu ya chanja.

Mlinzi wetu wa ofisini, kwa njia, kaomba zamu ya Ijumaa Kuu, ya Jumatatu na ya Karume, zote tatu. Siku ya sikukuu saa moja ya kazi inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi, na yeye ana ada ya kulipa. Alipoona fomu yangu alisema, "Wewe unanunua siku, mimi naziuza." Nimeipenda, naiandika hapa nisije nikaisahau.

Kingine, na hiki ndicho kinachoniweka macho sasa hivi. Baba mwenye nyumba tangu Alhamisi anapima ukuta wa upande wetu kwa futi kamba. Anapima, anaandika kwenye kiganja, anaondoka. Mkataba wetu unaisha tarehe 30 Aprili. Nimemsalimia mara mbili, kaitikia vizuri, hakusema kitu. Leo baada ya futari karudi tena, safari hii na kijana aliyeshika chaki, na sasa kuna mstari mweupe unaopita chini ya dirisha la jikoni hadi kwenye bomba.