Soksi za nzururu

Soksi ya kushoto nimeimaliza jioni. Ya kulia ndiyo kwanza imefika kisiginoni, na kesho alfajiri mtoto wa kaka yangu, mpagazi, anakwenda Nyakalengija, wanakoanzia kupanda milima ya Rwenzori, kupokea mizigo ya wageni. Atakuwa milimani siku saba au nane. Basi nimevuta kigoda karibu na taa, miguu nimeiweka kwenye beseni la maji, nafuma.

Kufuma sufu hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, kunataka kujua saa. Mji wetu uko chini ya mita 1,000, na Januari hii jua likishapanda viganja vinatoka jasho, uzi unanata kwenye sindano na vitanzi vinakaza mpaka havisogei. Kwa hiyo mimi ni mtu wa alfajiri na usiku. Alfajiri ndiyo naipenda zaidi, maana siku chache mawingu yakifunguka unaona weupe kule juu, kidogo tu, kisha unafichwa tena.

Weupe huo watu wa mama yangu, Wakonzo, wanauita nzururu. Bibi alitufundisha kwamba huko ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wa milima. Baba alikuwa mtu wa kuja, aliyefuata kazi kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, naye hakukijua Kikonzo vizuri, ndiyo maana nyumbani tulikulia kwenye Kiswahili, lugha ya kambi. Yeye alisema theluji. Mimi nimebaki na maneno yote mawili, na theluji yenyewe sijawahi kuishika.

Wageni wanauliza majira ya baridi huku kwetu ni lini. Hayapo. Tuko karibu kabisa na ikweta, na kinacholeta theluji ni kimo peke yake: Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, kina mita 5,109. Kijana wetu ananiambia kule juu kwenye bonde la Bujuku mchana jua likitoka unavua koti, na usiku uleule maji yanaganda. Baridi hiyo haimsubiri mtu Desemba. Inakuja kila jua likizama.

Miaka mitatu iliyopita nilimfumia soksi zake za kwanza. Nilinunua uzi mpya sokoni, laini, wa rangi ya kijani inayong'aa, nikafuma wiki nzima kwa furaha. Aliporudi alikaa kwenye ngazi ya mlango akavua gambuti, na soksi zilipotoka zilitoka na ngozi ya kisigino. Tope la Bujuku lilikuwa limeingia kwa juu siku ya tatu, na tangu hapo miguu haikupata joto tena. Nilisimama na birika mkononi nikamtazama. Akaniambia, "Shangazi, soksi ni nzuri, ni maji tu ndiyo yaliingia." Alikuwa ananitunza moyo. Mimi nilijua kosa lilikuwa kwenye uzi.

Uzi ule ulikuwa wa plastiki. Ukiwa mkavu unapendeza, ukilowa unashika maji na kuyakalisha kwenye ngozi. Sufu ya kondoo ni kitu kingine. Unywele wake umejikunja wenyewe, na katika mikunjo hiyo hewa inakaa, ndiyo inayohifadhi joto. Tena inaweza kunyonya unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mguu haujahisi majimaji. Kwa mtu anayetembea tope siku nzima akiwa na mzigo wa mtu mwingine mgongoni, hiyo ndiyo tofauti ya kulala na kutolala.

Tangu siku hiyo sinunui uzi, nanunua sweta za mitumba. Siku ya soko nakwenda mapema na kiberiti mfukoni. Wauzaji wamenizoea. Navuta unyuzi mmoja mahali pasipoonekana, nauchoma. Ukiyeyuka na kuwa shanga nyeusi ngumu, narudisha sweta. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni, hiyo ni sufu. Halafu nageuza ndani nitazame mishono ya ubavuni. Sweta iliyokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine haifai hata ikiwa sufu tupu, maana ukiifumua unapata vipande vipande. Nataka ile iliyofumwa kila upande peke yake kisha ikaunganishwa. Hiyo ukipata ncha yake, inakufuata yote.

Kufumua ni kazi ninayoipenda kuliko hata kufuma. Navuta, uzi unatoka umejikunjakunja kama nywele za mtoto aliyetoka kufumuliwa, nauzungushia mgongo wa kiti, naufunga sehemu nne, nauroweka usiku, kisha nautundika na chupa ya maji chini yake ili unyooke. Kijivu hiki ninachofuma sasa kilikuwa sweta ya mwanamume mnene wa nchi nisiyoijua. Nimemfikiria mara nyingi. Alikuwa na kiraka kwenye kiwiko, kilichoshonwa kwa mkono na mtu aliyempenda.

Sindano zangu ni spoku za baiskeli, tano, nilizozinoa ncha kwenye jiwe. Vitanzi 60, 15 kwenye kila sindano, ya tano ndiyo inatembea. Shingo ya soksi naifanya ndefu ipite ukingo wa gambuti na kukunjwa juu yake, maana ukingo ule unakata shavu la mguu. Kisigino nakifuma kwa nyuzi mbili pamoja. Hapo sina haraka. Nikikosea nafumua, hata iwe usiku wa manane.

Juzi kijana wetu aliniletea picha mbili kwenye simu. Moja ni ya Vittorio Sella, mpiga picha aliyefuatana na Duke wa Abruzzi, Mwitalia aliyekuja kupanda Rwenzori mwaka 1906: barafu imejaa mabonde kama uji unaofurika sufuria. Nyingine ameipiga mwenyewe, na mahali pengi ni mwamba mtupu. Mwaka ule barafu ya Rwenzori ilikuwa na karibu kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 watafiti walipopima haikufika hata 1. Aliniambia kuna mahali mzee mmoja wa wapagazi humwonyesha kwa fimbo: hapa tulikuwa tunakanyaga theluji.

Niliumia, na bado naumia. Bibi angeambiwa nini, kwamba nyumba ya Kitasamba inayeyuka? Lakini kijana naye hakukaa sana kwenye huzuni. Aliniambia mvua ya kule na lile tope haviendi popote, nikaze tu vidole vya soksi.

Sasa uzi wa kijivu umebaki kama yai la kuku. Hautafika kidoleni, nimeupima kwa mkono mara mbili. Ninao mwingine, wa rangi ya damu ya mzee, uliotoka kwenye kofia ya mtoto. Soksi ya kulia itakuwa na ncha yake. Kiberiti nimeshakiwasha, nikachoma unyuzi, nikanusa. Ni sufu.