Jinsi nilivyopata "tafadhali" ya Kifini

Miezi yangu ya kwanza Helsinki nilisumbuka sana na neno moja: tafadhali. Kifini hakina neno moja linalofanya kazi yote hiyo. Nikaokota "ole hyvä", nikawa naibandika kila mahali: "Anna kahvi, ole hyvä." Muuzaji alinitazama kwa mshangao. Kumbe "ole hyvä" husemwa zaidi na anayekupa kitu, kama sisi tunavyosema "karibu", na "anna" ni "nipe" kavu kabisa.

Dawa niliipata ndani ya kitenzi chenyewe. Wafini huchomeka -isi-, nasi tuna ndugu yake: -nge-. "Haluaisin" ni "ningependa". Siku nilipouona ulinganifu huo nilifurahi mno, maana adabu hiyo nilikuwa nayo tangu utotoni.

Kuunda kitenzi chenye -isi- nilianza na nafsi ya "wao". Antavat (wanatoa): ondoa -vat, weka -isi-, kisha nafsi na -ko ya kuuliza: antaisitko (ungenipa)? Shina likiishia na e, hiyo e hudondoka: tulevat (wanakuja), tulisitko (ungekuja)? Voivat (wanaweza) hubaki na i moja tu: voisitko auttaa, ungeweza kunisaidia? Kwa mzee usiyemfahamu, sema voisitteko, yaani "mngeweza" ya heshima. Mimi hupenda kutumia voisitteko hata pale ambapo vijana wa huko wangesema voisitko.

Dukani sasa nasema: "Saisinko kahvin, kiitos?" (Ningepata kahawa?) Hiyo "kiitos", yaani asante, hukaa mwishoni.